Debe na kilo jikoni kwa shangazi

Ukitaka kumuudhi shangazi yangu, mpimie dagaa kwa kisado. Atautazama mkono wako unavyopakua, atakigeuza kisado aone kama kitako hakijabonyezwa, kisha atasema kwa sauti ya kufika kibanda cha tatu kwamba yeye kazaliwa Ujiji, hakushuka na meli jana. Anataka mizani. Na mizani nayo haimtoshi. Kabla dagaa hawajawekwa juu yake atawashika kiganjani, atawavunja wawili watatu karibu na sikio, asikilize kama wanalia. Dagaa mkavu hulia. Asiyelia ana maji ndani, na maji shangazi hanunui.

Naanza na dagaa kwa sababu ndio walioniokoa siku nilipojikuta na namba mbili za moshi wa jiko moja, moja karibu mara mbili ya nyingine, na shangazi kakaa kwenye kigoda chake anasubiri nimwambie ipi ya kweli.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kigoma mjini. Shangazi ndiye aliyenilea tangu darasa la nne, na kanilea kwa migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Huinunua Kibirizi alfajiri, huipasua, huipanga juu ya chanja na kuibanika kwa kuni kwenye jiko lake nyuma ya nyumba mpaka ngozi ishike rangi. Jiko lina kuta za tofali, paa la bati, dirisha moja dogo, na mwanya wa kiganja kati ya ukuta na paa. Ukiingia mchana unaona kwanza giza, macho yanaanza kuwasha, halafu ndipo unamwona yeye. Masizi yananing'inia juu kama utando wa buibui aliyezeeka.

Kila asubuhi hukohoa kabla ya kuitikia salamu. "Shikamoo shangazi." Kikohozi. "Marahaba, baba." Ananiita baba kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. Kikohozi anasema ni baridi ya ziwa, na kwa miaka mingi nami nilikubali kuwa ni baridi ya ziwa.

Kisha nikanunua kifaa cha kupima hewa. Ni kidogo, kinaingia mfukoni, na bei yake haifiki simu nzuri. Nilikitundika ukutani jikoni, nikabandika kikaratasi ili watoto wasikiguse: SENSA, USIGUSE. Jirani mmoja aliyekuja kuazima kinu akasoma, akashangaa: "Tena? Si tulishahesabiwa 2022?" Tangu siku hiyo pale nyumbani naitwa karani.

Kifaa hiki kinatafuta kitu kinachoandikwa PM2.5, yaani chembe zinazoelea hewani ambazo upana wake hauzidi maikroni 2.5. Unywele mmoja una maikroni kama 50 hadi 70, kwa hiyo chembe kubwa kabisa katika kundi hili inaingia zaidi ya mara ishirini katika upana wa unywele. Chembe ya namna hiyo haikamatwi na vinyweleo vya pua wala haitemwi na makohozi ya kooni. Inashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia hata kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya mwongozo wake mwaka 2021 lilisema wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa siku usizidi 15. Katika mwongozo wa 2005 viwango hivyo vilikuwa 10 na 25. Tulivyozidi kujua, ruhusa ilizidi kupungua.

Asubuhi ya kwanza shangazi aliwasha moto, nami nikawa natazama namba kwenye simu. Ilipita 15 kabla kuni hazijashika vizuri. Ikapita 100. Ikapita 500, ambayo kwa vihisi vingi vya aina hii ndipo mtengenezaji anapoishia kuudhamini usahihi wake. Ikaendelea kupanda, halafu ikasimama juu kabisa, haipandi haishuki, huku moshi kwa macho yangu ukizidi kuwa mzito. Nilidhani kimeharibika. Nikakitoa nje kwenye mwembe, namba ikashuka. Nikakirudisha ndani, ikapanda hadi palepale. Kilikuwa kimegonga dari yake.

Hapo ndipo nilipompigia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye kazi yake Dar es Salaam ni hii hii ya hewa. Alicheka kwanza. Kisha akasema anakuja likizo nyumbani Kasulu, na atanibebea pampu moja na machujio kadhaa nijionee mwenyewe jinsi moshi unavyopimwa na watu wenye subira.

Subira ndiyo yenyewe. Njia ya chujio ndiyo mzee wa njia zote, na bado ndiyo inayotumika kuzisahihisha nyingine. Unachukua kiduara cheupe cha teflon, milimita 37 kukikata katikati, unakipima uzito kwenye mizani inayosoma hadi maikrogramu moja, unakiweka ndani ya kikasha chake na kukiunganisha na pampu. Mlangoni kuna kidude kinachoitwa saikloni: hewa inaingia kwa mzunguko, chembe kubwa zinarushwa pembeni kwa uzito wao, ndogo zinaendelea na safari hadi kwenye chujio. Ni kupepeta kwa kinyume. Mama akipepeta mpunga, pumba zinakwenda na upepo na mchele unabaki kwenye ungo. Sisi tunazitaka pumba. Lakini upepo lazima uwe sawasawa. Saikloni yetu ilitengenezwa kwa mwendo wa lita 1.5 kwa dakika. Pampu ikichoka, mzunguko unalegea na chembe zisizotakiwa zinapita. Kwa hiyo unapima mwendo wa hewa kabla ya kuwasha na unapima tena kabla ya kuzima, na kama vimeachana sana, siku nzima umeitupa.

Hesabu yake ni ya kidato cha pili. Lita 1.5 kwa dakika 1,440 za siku ni lita 2,160, sawa na mita za ujazo 2.16. Tuseme chujio limeongezeka maikrogramu 432. Gawanya: wastani wa siku ni 200. Nilipowapa wanafunzi wangu swali hili wote walilipata, na mmoja akauliza hizo maikrogramu 432 ni kitu gani. Ni punje chache za chumvi. Uzito wa siku nzima ya moshi, na ukigusa chujio kwa kidole chenye jasho umeharibu kila kitu.

Mizani ya namna hiyo haipo mtaani kwetu. Machujio yetu yalipimwa Dar, yakaja Kigoma, yakanyonya moshi wa migebuka, yakawekwa kwenye visahani vilivyofungwa ndani ya kasha la barafu ili vile vinavyoruka kama mvuke visiruke, yakarudi Dar. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Na kila safari lilikwenda chujio moja la ziada ambalo halikuunganishwa na pampu kabisa. Lilifunguliwa jikoni kwa muda mfupi, likafungwa, likarudi na wenzake. Kitaalamu lina jina lake, mimi naliita msindikizaji. Kama msindikizaji karudi na uzito ambao hakwenda nao, basi uzito huo ni wa njiani, na unaukata kwa kila mmoja. Sijawahi kuona utaratibu wa uaminifu kama huu katika biashara yoyote ya kupima.

Yakifika hayapimwi palepale. Yanalazwa siku nzima kwenye chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40, yatulie. Moshi hunywa maji. Chujio lililotoka Ujiji wakati wa masika, likipimwa na unyevu wake, litakuwa zito bila kuwa na moshi zaidi. Rafiki yangu aliponieleza hilo kwenye simu nikamwambia, basi mnawasubiri walie. Hakunielewa, hajawahi kwenda kununua dagaa na shangazi.

Kwa siku kumi na mbili, zilizoachana, kifaa changu na mdomo wa pampu vilining'inia pamoja kwenye ukuta uleule, kiganja kimoja kati yao. Pampu ilinguruma taratibu kama mbu aliyeshiba. Shangazi aliizoea kwa siku moja. Mimi sikuizoea, maana kila baada ya saa chache nilikuwa nawaza betri.

Majibu yalipokuja, katika siku nyingi kifaa kilikuwa kimesema karibu mara mbili ya chujio. Nikakata tamaa na kifaa. Lakini kulikuwa na siku mbili, zile za mzigo mkubwa wakati migebuka ilikuwa imejaa Kibirizi na moto ulikaa tangu alfajiri hadi usiku, ambazo kifaa na chujio vilikaribiana sana. Nikafurahi. Nikamwandikia rafiki yangu kwamba inaonekana kifaa kinakuwa sahihi moshi ukiwa mwingi. Alinijibu kwa neno moja: "Dari."

Ilinichukua usiku mzima kuelewa nilichokuwa nimekifanya. Katika siku za kawaida kifaa kilizidisha. Katika siku za mzigo kiliendelea kuzidisha, lakini kwa saa kadhaa kilikuwa kimegonga dari na hakikuweza kusema zaidi, kwa hiyo kilipunja pia. Kuzidisha na kupunja vikakutana katikati ya wastani, vikapeana mkono, nami nikaviita usahihi. Siku ambazo kifaa kilionekana mkweli kuliko zote ndizo kilidanganya mara mbili.

Sasa kwa nini kilizidisha? Ndani yake kuna feni ndogo inayovuta hewa, mwanga wa leza unaoikata hewa hiyo, na jicho la elektroniki lililokaa pembeni. Kila mtu aliyelala kwenye nyumba ya bati anaijua fizikia yake: mwali wa jua ukipenya tundu la msumari, vumbi ambalo hukuliona linaanza kung'aa. Jicho linaona mng'ao. Halioni uzito. Kutoka kwenye mng'ao linakisia ukubwa wa chembe, linachukulia kwamba zote ni duara na zote zimetengenezwa kwa kitu kimoja, linazidisha kwa uzito uliowekwa kiwandani, na hiyo ndiyo namba inayotokea kwenye simu yako. Kanuni yenyewe watengenezaji wengi hawaitoi.

Hilo ni debe. Kifaa cha mwanga kinapima kwa debe halafu kinakuambia kilo. Debe la mahindi lina kilo zake na debe la dagaa lina zake, na ukimuuzia mtu dagaa kwa hesabu ya debe la mahindi utapigana naye. Hata mashine za mwanga za bei kubwa, zile zinazobebwa na watafiti kwenye mikoba migumu, nyingi husawazishwa kiwandani kwa vumbi maalumu la jangwa la Arizona. Ni vumbi zuri, linajulikana, halibadiliki. Lakini ni mchanga, na moshi wa kuni ni chembe ndogo zaidi na nyepesi zaidi, zinazotawanya mwanga kwa namna nyingine kabisa. Ukipeleka mashine iliyofundwa kwa vumbi la Arizona jikoni kwa shangazi, ikizidisha mara mbili au zaidi, haijakosea. Imejibu swali la Arizona.

Na debe lenyewe halina mlango mmoja wa udanganyifu. Asubuhi za masika ukungu ukipanda kutoka ziwani, kifaa nilichokiacha barazani kilipandisha namba bila mtu yeyote kuwasha moto. Chembe zilikuwa zimevimba kwa unyevu, mwanga ukaziona kubwa. Dagaa waliomwagiwa maji hujaza mizani. Chembe zilizokunywa ukungu hujaza jicho. Chujio lina dawa ya hilo, ule usiku wa kulala chumba kikavu. Kifaa cha bei ndogo hakina, hupima chembe na maji yake.

Kisa cha koroboi kilienda upande wa pili. Umeme ulikatika jioni moja, shangazi akawasha koroboi na kuiweka juu ya kabati, chini ya kifaa. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba taa za utambi za namna hii hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa kuwa masizi, karibu yote kaboni nyeusi tupu. Ule mstari mweusi ukutani juu ya koroboi kila mtu anaujua. Kifaa changu kilipandisha kidogo tu, kwa adabu. Kaboni nyeusi hunywa mwanga kuliko kuurudisha, na chembe zake ni ndogo mno kwa jicho lile, ambalo chini ya maikroni 0.3 linaona kwa shida. Kwa hiyo moshi mweupe wa kuni mbichi ulipewa zaidi ya haki yake na masizi meusi yakapewa pungufu. Kama ningechukua uwiano wa siku za migebuka nikautumia kurekebisha usiku wa koroboi, ningegawa kwa mbili namba ambayo tayari ilikuwa ndogo mno. Uwiano ni wa jiko hilo, kuni hizo, msimu huo. Hausafiri.

Kabla ya vifaa vyote hivi kulikuwa na njia ya kutazama tu weusi wa chujio. Waingereza walipima moshi wa makaa ya mawe kwa weusi wa doa kwenye karatasi, na wakati wa ukungu ule wa London wa Desemba 1952 uliowaua watu wengi, doa ndilo lililosoma. Kwa koroboi doa lingekuwa shahidi bora kuliko kifaa changu. Kuna pia mashine zinazopitisha miale ya beta kwenye utepe wa chujio na kujua uzito kutokana na miale iliyozuiwa, kila saa, bila mtu kubeba kitu kwenda Dar. Nzuri sana. Bei yake unanunua gari, na siioni ikiingia kwenye jiko ambalo kuku huingia.

Nilimletea shangazi haya yote. Nilimchorea. Nilimwambia ile ndogo ni debe na ile ya pampu ni kilo, akaelewa mara moja, akataka kujua nani anaihakiki mizani ya Dar, kama Wakala wa Vipimo wanavyokuja kupiga muhuri mizani za sokoni. Swali zuri, kuna vyuma vya uzito maalumu vya kuihakiki, na kila siku ya kupima huanza navyo. Akaridhika. Halafu akainua macho ukutani, akavitazama vile vifaa viwili vilivyoning'inia juu ya kichwa chake.

"Na huko juu, baba, unampimia nani?"

Nilianza kumweleza. Utaratibu wa watafiti wa majiko ni kuweka kifaa kama mita moja kutoka kwenye moto, sentimita 145 kutoka sakafuni, na angalau sentimita 150 kutoka mlango au dirisha. Sentimita 145 ni kimo cha pua ya mwanamke anayepika amesimama. La mlango sikuliweza, jiko lenyewe upana wake haufiki mita tatu, ukikimbia mlango umefika dirishani. Lakini la kimo nililifuata kwa futi ya fundi cherehani.

"Mimi nasimama?"

Hasimami. Nimemjua miaka thelathini, sijawahi kumwona akibanika migebuka amesimama. Anakaa kwenye kigoda, pua yake iko usawa wa kitasa cha mlango, na moshi wa moto hujaza chumba kuanzia juu kwenye bati kushuka chini. Nilikuwa nimepima kwa kilo, kwa msindikizaji, kwa chumba kikavu, hewa ambayo haivutwi na mtu yeyote isipokuwa mimi ninapokwenda kubadilisha betri.

Baadaye rafiki yangu aliniambia kwamba swali hilo lina ukoo mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Kirk Smith, aliyefariki 2020, na wenzake wa India waliwafungia pampu ndogo wanawake wa vijiji vya Gujarat wakiwa wanapika, wakati wataalamu wengi wa hewa walikuwa bado wanatazama mabomba ya viwanda na magari ya mijini. Miaka baadaye maabara yake Berkeley ilitengeneza kipimo cha jikoni kutokana na king'ora cha kawaida cha moto cha majumbani. Mtu huyo alikuwa na jicho la shangazi.

Pampu haikuwezekana kumvisha, alisema hawezi kukaa na mbu kifuani. Lakini kifaa kile kidogo, cha debe, nilichokuwa nimeshakidharau, alikubali kukivaa shingoni kwa uzi juu ya kanga, kama wakubwa wanavyovaa vitambulisho vyao. Alikivaa siku tano. Nilimwomba asikivue ila wakati wa kuoga.

Sikusoma tena ukubwa wa namba. Nilisoma saa. Na hapo debe lilifanya kazi ambayo kilo haiwezi, maana chujio linakupa siku nzima limeikunja kuwa namba moja: halijui kama moshi ulikuja asubuhi au jioni, taratibu au kwa mafuriko. Mstari wa kifaa ulionyesha kwamba muda mwingi wa kubanika, moto ukishatulia na kubaki makaa, shangazi kwenye kigoda chake alikuwa chini ya moshi, namba za chini kuliko nilivyotegemea. Milima ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa alfajiri, wakati wa kuwasha, kuni mbichi zinafuka na yeye kainama anapuliza kwa mdomo. Wa pili ulirudi kila alipoongeza kuni na kugeuza samaki.

Wa tatu ulikuwa kati ya saa tatu usiku na alfajiri, na jiko lilikuwa limezimwa.

Nilifikiri kifaa kimeingiwa na unyevu. Nikaenda usiku. Shangazi kalala, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, na kando ya kitanda, juu ya kisahani, dawa ya mbu ya kuzunguka inawaka taratibu nyekundu. Kuna utafiti wa 2003 uliopima dawa hizo: kipande kimoja kikiisha kuwaka kimetoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Shangazi, ambaye aliwahi kumfukuza mjomba barazani kwa sababu ya sigara, alikuwa anavuta pakiti kadhaa kila usiku akiwa amelala, na mimi nilikuwa nimetumia miezi kuupima ukuta wa jikoni.

Kama hiyo ndiyo sababu ya kikohozi, sina cha kusema. Mimi ni mwalimu, na nilimpeleka hospitali kwa ajili hiyo. Kuhusu dawa ya mbu aliamua mwenyewe kwa sekunde tatu. "Chandarua si kipo? Sasa dawa ya nini." Kuhusu kuwasha moto ilichukua wiki. Siku hizi anawashia nje chini ya mwembe, kuni zikishashika na moshi mweupe ukaisha ndipo vijinga vinaingizwa ndani. Anasema samaki hawajalalamika. Wateja mmoja wawili wanasema migebuka ya sasa haina harufu kama ya zamani, naye anawajibu kwamba harufu hiyo alikuwa anailipia yeye.

Kuna jambo jingine ambalo bado linanikera. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Nauunga mkono kabisa. Lakini shangazi ana mtungi wa gesi. Chai anapikia gesi, uji wa wajukuu anapikia gesi. Akija karani wa kweli na kumuuliza unapikia nini, atajibu gesi, na hatakuwa amesema uongo. Atawekewa alama ya vema. Migebuka haibanikwi kwa gesi, inataka moshi, ndiyo kazi yenyewe. Dodoso nalo ni kifaa cha kupimia, na lina dari lake.

Nilitaka kurudia zile siku kumi na mbili, safari hii mdomo wa pampu ukiwa usawa wa kigoda, ili nipate angalau kilo moja ya kweli ya kulinganisha na debe la shingoni. Machujio yalikuwa yamebaki matatu. Moja liliangukiwa na mjusi. Moja pampu ilizimika usiku. La tatu lilikamilika vizuri, saa 24, mwendo wa hewa mwanzo na mwisho sawasawa, na limefungwa kwenye kisahani chake ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na msindikizaji wake. Yako kwenye friza ya shangazi, kati ya migebuka na barafu za kuuza, nami nimebandika kikaratasi kingine. Wiki ya tatu sasa tunamsubiri mtu anayekwenda Dar.